Ushauri wa Mhandisi Ni Amana: Funzo kutoka Bonde la Ufa

Adhana ya magharibi ikishatolewa na taa zikawashwa majumbani mwetu Mombasa, ni nadra kujiuliza umeme ule umetoka wapi. Sehemu yake huanza safari mbali nasi, Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha katika kaunti ya Nakuru. Huko maji yaliyochemka chini ya ardhi hupanda kwa nguvu ya mvuke na kuzungusha mitambo. Tangu mwaka 2017, ilipokamilika njia kubwa ya umeme ya karibu kilomita 480 kati ya Nairobi na Mombasa, umeme wa bara hutufikia pwani kwa wingi zaidi, na haja ya kuchoma mafuta mazito pale Kipevu imepungua.

Nyuma ya neema hiyo wako watu ambao ni nadra kutajwa, nao ni wahandisi washauri. Mhandisi mshauri si mjenzi, wala si muuza mitambo. Huajiriwa na serikali au kampuni ili apime, akadirie na achore, kisha aseme kwa uaminifu kama jambo litafaa au halitafaa, na kwa gharama gani. Kazi ikianza, husimama juu ya wajenzi kuhakikisha kwamba kinachojengwa ndicho kilichochorwa. Bidhaa yake ni ushauri, na ushauri ni amana.

Olkaria ni ushahidi wa amana iliyotunzwa kwa subira. Visima vya kwanza vilichimbwa katika miaka ya 1950, vikaachwa kwa kuwa havikutoa mvuke wa kutosha. Katika miaka ya 1970 serikali ilirudi pale kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1976 washauri wa SWECO ya Uswidi na Virkir ya Iceland wakatoa ripoti yao kuhusu uwezekano wa mradi. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981, na kufikia 1985 ilikuwa mitambo mitatu yenye megawati 45. Leo jotoardhi hutoa karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Elimu nayo haikubaki kwa wageni. Vijana wetu walikwenda Iceland kusomea fani hiyo, na wataalamu wa Kenya wamepata kuitwa Ethiopia na Djibouti.

Tunaposikia habari za mabadiliko ya tabianchi, faida ya kazi hii ni mbili. Kwanza, mvuke hutoa hewa ya ukaa kidogo mno ukilinganishwa na mafuta. Pili, mvuke haungoji mvua. Wengi wetu tunaukumbuka ukame wa 1999 na 2000, mabwawa ya Mto Tana yalipopungukiwa na maji na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Wafanyabiashara nao wamenufaika. Shamba la maua la Oserian, kandoni mwa Ziwa Naivasha, lilitumia joto la kisima kukausha unyevu ndani ya vibanda vya waridi, badala ya kuchoma mafuta.

Hata hivyo, tusiwasifu wataalamu tukawasahau wanadamu wenzetu. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa ili kupisha mradi wa Olkaria IV. Malalamiko yao kuhusu makao mapya yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ndipo upatanishi ukafanywa. Mhandisi anayepima mvuke asipime maisha ya wanaokaa juu yake, hesabu yake haijatimia.

Na pale ushauri unapokosekana kabisa, msiba hauko mbali. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la shamba moja huko Solai, kaskazini mwa mji wa Nakuru, lilipasuka. Maji na matope viliwafagia watu majumbani mwao, na zaidi ya arobaini wakafa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mamlaka ya maji ilisema bwawa lile halikuwa na kibali. Mvua zinazidi ukali, na kuta zilizojengwa bila kipimo haziwezi kuzistahimili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; Solai hapakubaki ukuta wa kujenga, yalibaki makaburi ya kuchimba.

Katika bonde hilohilo, maziwa ya Nakuru, Naivasha na Baringo yamepanda kwa zaidi ya muongo mmoja, yakazamisha nyumba, shule na barabara. Hapa mshauri mwema hakimbilii kuuza ukuta. Huuliza kwanza maji yamefika wapi zamani, miti ya milimani imekwenda wapi, na ni nani wajengewe mahali pengine kabla ya mvua nyingine.

Sisi wa pwani tuna bahari inayokula fukwe na visima vinavyoingia chumvi, basi funzo hili ni letu pia. Kabla ya kujenga nyumba ya ghorofa, madrasa au birika la msikiti, na tuulize kama mhandisi ameandikishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Tusione gharama ya kumlipa aje apime, tukaona rahisi kulipia jeneza. Mikutano ya kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu miradi inapotangazwa, akina mama wasibaki nyumbani. Wao ndio wachotao maji, na ndio wajuao mvua ya masika hupita mlango gani. Mshauri asiyewasikiliza huandika ripoti yenye pengo.

Na binti akipenda hisabati, tusimwambie kwamba hiyo si kazi yake. Huenda siku moja akasimama juu ya ukuta wa bwawa, akagundua ufa, akakataa kutia sahihi. Kwa sahihi hiyo aliyoizuia, watoto wa kijiji kizima watalala salama.