Vinywaji vya Kuongeza Nguvu na Uzazi wa Mwanamke

Leo tunazungumza na akina mama na akina dada wa Kayole, Dandora, Umoja na mitaa mingine ya Eastlands: wewe unayeamka saa kumi alfajiri kwenda Gikomba kuchagua mitumba, na wewe unayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani. Huenda kinywaji cha kuongeza nguvu kimekuwa mwenzako wa kila siku. Je, kinadhuru uzazi?

Kuna wanaosema mtaani kwamba vinywaji hivi humfanya mwanamke kuwa tasa. Hilo halijathibitishwa. Wala havizuii mimba, kwa hivyo usivitegemee kama njia ya kupanga uzazi. Hata hivyo, si maji. Mkebe mdogo wa mililita 250 wa Red Bull ya kawaida una kafeini miligramu 80 na sukari karibu vijiko 7 vya chai. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, walieleza kwamba wanawake waliokunywa angalau soda moja ya sukari kwa siku walichelewa zaidi kushika mimba. Uchunguzi huo hauthibitishi kwamba soda ndiyo chanzo, lakini anayetafuta mtoto ana sababu ya kupunguza.

Hatari kubwa zaidi iko wakati wa ujauzito. Kafeini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye hana uwezo wa kuivunja. Mwili wa mama nao huiondoa polepole zaidi mimba inapokua. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Madaktari wengi hushauri asizidishe 200.

Sasa tupige hesabu. Mikebe miwili midogo ni miligramu 160. Ongeza vikombe vitatu vya chai, kila kimoja karibu 40, unapata 280. Na wanawake wengi hupitisha wiki kadhaa kabla ya kujua kwamba wana mimba. Ndiyo maana, kama unatarajia kushika mimba, anza kupunguza mapema.

Jambo jingine, jiulize: kwa nini unachoka kila siku? Mwanamke anayepata hedhi nzito, au mjamzito, anaweza kuwa na upungufu wa damu. Dalili zake ni uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na viganja kupauka. Kinywaji hiki kitakuamsha kwa saa chache, lakini hakiongezi damu. Kitaficha ugonjwa huku ukiendelea.

Basi, ufanye nini?

Soma maandishi kwenye chupa. Ikiandikwa miligramu 32 kwa kila mililita 100, chupa ya nusu lita ina 160.

Ukiwa mjamzito, acha vinywaji hivi. Kama umezoea, punguza kidogo kidogo ili usisumbuliwe na maumivu ya kichwa.

Kunywa maji, na kula sukuma wiki, maharagwe, ndengu au omena. Tembe za madini ya chuma unazopewa kliniki usizimeze kwa chai.

Uchovu usipoisha, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe damu. Ukiona damu ukiwa mjamzito, usingoje kesho: kimbilia hospitali, iwe Mama Lucy Kibaki, Pumwani au iliyo karibu zaidi.

Nguvu ya kweli, dada yangu, hutoka kwenye chakula, usingizi na damu ya kutosha. Hadi wakati mwingine, kumbuka: kinga ni bora kuliko tiba.