Jihadharini na Uyoga wa Porini

Mvua zikianza, uyoga huota penye vichuguu, malishoni na chini ya miti. Mwingine ni chakula kizuri, mwingine huua.

Wako watu wasemao kwamba uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu, au kwamba sumu huisha ukichemshwa au ukikaushwa. Si kweli. Konokono hula uyoga uwezao kumwua mtu, na sumu iliyo kali zaidi haiondolewi na moto.

Mwenye kula sumu hiyo huanza kutapika na kuhara baada ya saa 6 mpaka 24. Kisha hupata nafuu akadhani amepona, kumbe ini lake linaharibika. Basi msingoje: mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga huo.

Msile uyoga msioujua kwa hakika. Afadhali kulima wenu, kama ule wa oista. Chemsheni mabua ya ngano yaliyokatwa vipande. Yakiisha kupoa, changanyeni na mbegu safi ya uyoga ndani ya mifuko, mkaiweke gizani. Utando mweupe ukijaa, toboeni mifuko, leteni hewa na mwanga kidogo, na kunyunyiza maji kila siku. Mwulizeni bwana shamba mahali pa kupata mbegu.