Mkojo Wako Unakuambia Nini?

JUA la Voi halina huruma. Anayeshinda nje mchana kutwa, awe utingo wa lori kwenye barabara kuu ya Mombasa au mkata katani kule Mwatate, hutokwa na jasho jingi, na mkojo wake huwa mchache, wa manjano yaliyokolea. Akinywa maji ya kutosha, rangi hiyo hupauka siku iyo hiyo. Kiu tu hiyo, si ugonjwa.

Lakini je, msomaji, ikiwa umekunywa maji na mkojo bado si ule uliouzoea? Usipuuze. Huenda figo zako zinaomba msaada.

Figo ni mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi yako. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita 1 au 2 tu za mkojo. Kichujio kikiharibika, hata vitu ambavyo mwili unavihitaji hupotea.

Dalili za kuangalia

Kwanza ni povu. Mkojo unaotoka kwa kasi hufanya povu, nalo hutoweka upesi. Likiwa jingi kama la sabuni, lidumu, na kurudi kila siku, huenda ni protini inayovuja.

Pili ni rangi. Mkojo mwekundu, au wa kahawia mfano wa strungi, huenda una damu.

Tatu ni kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kisukari, na tezi ya kibofu kwa wanaume wenye umri, pia huleta hali hiyo. Vyovyote vile, muone daktari.

Nne ni mkojo kupungua mno, hasa miguu ikivimba au kope zikifura asubuhi.

Wengi wetu hutumia choo cha shimo, na humo huoni chochote. Mara moja moja, kojoa kwenye kopo jeupe lililosuuzwa vyema, kwa maana mabaki ya sabuni nayo hutoa povu.

Usingoje maumivu

Ugonjwa sugu wa figo, yaani ule unaodumu zaidi ya miezi 3, aghalabu huanza kimyakimya. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo bila kuumwa popote. Wenye kisukari au presha ndio walio hatarini zaidi, na yafaa wapimwe mkojo na damu kila mwaka. Jihadhari pia na kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku bila ushauri wa daktari.

Kipimo cha kwanza ni kijiti tu kinachochovywa kwenye mkojo. Kuchelewa ndiko ghali. Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine, huduma ipatikanayo katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi. Kila kikao huchukua kama saa 4, mara 2 au 3 kwa wiki. Kwa mkazi wa Taveta, safari mbili tu za kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 400, wiki baada ya wiki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya chai, tazama mkojo wako.