Moyo na mapafu ya wanyama

Watoto, wekeni mkono kifuani. Mnasikia nini? Moyo unapiga. Haupumziki mchana wala usiku. Sasa vuteni hewa. Kifua kinapanuka, mapafu yanajaa. Moyo na mapafu ni kama wafanyakazi wawili wa nyumba moja. Mapafu huingiza hewa. Damu huchukua sehemu ya hewa iitwayo oksijeni, na moyo huisukuma damu hiyo mpaka katika kila kiungo. Mtu, kuku, chura na samaki, wote wanahitaji oksijeni. Lakini hawaipati kwa njia moja.

1. Samaki

Samaki wengi hawana mapafu. Wana matamvua. Inueni kifuniko kilicho kando ya kichwa cha samaki: mtaona nyuzi nyingi, laini, nyekundu. Ndiyo matamvua. Samaki huingiza maji kwa kinywa, kisha maji hutoka kando yakipita katikati ya nyuzi zile. Hapo damu huchukua oksijeni iliyomo majini.

Moyo wa samaki una vyumba viwili vikubwa. Damu hutoka moyoni, hupita matamvuani, huzunguka mwili, halafu hurudi moyoni.

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wakitoa ndakala majini, ndakala hufa upesi. Kwa nini, nao wamezungukwa na hewa? Kwa sababu pasipo maji nyuzi za matamvua hulala na kushikamana, kama kurasa za kitabu kilicholowa. Hewa haiwezi kupita katikati yake.

Kambale ni tofauti. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama mti mdogo, nacho humsaidia kuvuta hewa. Kwa hiyo huweza kukaa muda mrefu nje ya maji. Na kamongo, samaki mrefu wa vinamasi, ana mapafu kweli. Maji yakikauka wakati wa kiangazi, hujifukia katika matope na kuvuta hewa humo miezi mingi. Tazameni ajabu: kamongo mkubwa akizuiliwa asipande juu kuvuta hewa, hufa maji, ingawa ni samaki!

2. Chura na mjusi

Kiluwiluwi, mtoto wa chura, huishi majini na kupumua kwa matamvua. Anapokua, matamvua hupotea na mapafu hufanya kazi mahali pake. Tena chura hupumua kwa ngozi. Ndiyo sababu ngozi yake haina budi kuwa na unyevu. Ikikauka kabisa, atakufa. Chura hapanui kifua kama sisi. Husukuma hewa kwa koo, ndiyo maana koo lake huchezacheza daima.

Moyo wa chura una vyumba vitatu. Damu itokayo mapafuni na ile itokayo mwilini huingia katika chumba kimoja, nazo huchanganyika kidogo. Mjusi na nyoka nao wana vyumba vitatu. Lakini mamba ana vinne.

3. Ndege na wanyama wanyonyeshao

Moyo wa ndege una vyumba vinne, na moyo wa mtu, mbuzi au tembo vilevile. Upande wa kuume husukuma damu mapafuni. Upande wa kushoto husukuma damu yenye oksijeni nyingi mwilini. Kati yake pana ukuta, damu hazichanganyiki. Kwa hiyo mwili hupata nguvu nyingi na kukaa na joto hata usiku wa baridi.

Ndege ana pia mifuko ya hewa mwilini. Kwa msaada wake, hewa mpya hupita mapafuni anapovuta pumzi na hata anapoitoa. Hivyo huweza kuruka mbali.

Mnyama mkubwa, moyo wake hupiga polepole. Moyo wa tembo hupiga mara 30 hivi kwa dakika, wa mtu mzima aliyepumzika mara 70 hivi, na wa panya mdogo wa nyumbani hupita mara 500.

4. Panzi

Panzi hana mapafu. Ubavuni ana matundu madogo sana. Hewa huingia humo na kupita katika mirija myembamba mpaka ndani ya mwili. Damu yake haina kazi ya kuchukua oksijeni.

5. Tujihadhari

Sisi hatuna matamvua. Mtu akizama, maji huzuia hewa isifike mapafuni. Moyo huendelea kupiga kidogo, lakini damu haina tena oksijeni ya kupeleka. Baada ya dakika 4 hivi ubongo huanza kuharibika. Basi, msiende kuoga mtoni au ziwani bila mtu mzima. Mkimwona mwenzenu anazama, msijitupe majini. Pigeni kelele kuwaita watu wazima, na mtupieni kamba, au mnyosheeni mti mrefu aushike.

Maulizo

1. Kwa nini ndakala hufa nje ya maji, na kambale hakawii kuzoea?
2. Moyo wa samaki una vyumba vingapi? Wa chura? Wa kuku?
3. Kwa nini chura hupenda mahali penye unyevu?
4. Hesabuni mapigo ya moyo wenu kwa dakika moja. Kimbieni kidogo, kisha hesabuni tena. Kwa nini yameongezeka?