Ujuzi wa Mpunga Uliovuka Bahari

Ndugu msomaji, tazama kinu, mchi na ungo vilivyo nyumbani kwako. Hukujifunza kuvitumia kwa kusoma kitabu. Ulimwona mama au bibi akitwanga na kupepeta, nawe ukaiga. Je, kazi hiyo ni ujuzi? Ndiyo, ni ujuzi mkubwa. Soma habari hii ya Waafrika waliopelekwa Marekani, nawe utaona.

Wakulima wa Afrika ya Magharibi

Yapata miaka 3,000 iliyopita, watu wa Afrika ya Magharibi walianza kulima mpunga karibu na Mto Niger. Mpunga huo ni wa asili ya Afrika. Haukuletwa na wageni. Kilimo hicho kilienea mpaka pwani, katika nchi ambazo leo tunaziita Senegal, Gambia, Guinea na Sierra Leone.

Wakulima wa pwani walijenga kingo za udongo ili kuzuia maji ya chumvi yasiingie mashambani. Walitoboa magogo yakawa kama mabomba. Waliyalaza chini ya kingo ili kuingiza maji na kuyatoa.

Utumwa katika Carolina

Mwaka 1670 Waingereza walianzisha koloni huko Carolina, katika Marekani. Kwao Uingereza mpunga haukulimwa. Lakini Carolina ilikuwa na mabonde ya maji, na mpunga ulistawi vizuri. Wenye mashamba walitaka watu wa kufanya kazi. Maelfu ya Waafrika walikamatwa, wakauzwa, wakashushwa katika bandari ya Charleston. Matangazo ya kuuza watu yalisema wazi kwamba watu hao wametoka katika nchi za mpunga. Ilipofika mwaka 1708, Waafrika walikuwa wengi kuliko Wazungu katika koloni hilo.

Watumwa walikata misitu, wakachimba mifereji na kujenga kingo. Wanawake walifukia mbegu kwa kisigino. Walikoboa mpunga kwa kinu na mchi, wakapepeta kwa nyungo walizosuka wenyewe. Walishinda ndani ya maji, penye nyoka na mbu. Wengi walikufa kwa malaria na magonjwa mengine. Watoto wengi hawakukua.

Mchele wa Carolina uliuzwa Ulaya. Charleston ukawa mji wa matajiri. Mkulima mtumwa hakupata malipo.

Kwa nini hawakusifiwa?

Mwaka 1740 sheria ya huko ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika. Anayemfundisha alitozwa faini. Basi walioandika ni mabwana peke yao. Waliandika hesabu za magunia. Waliandika majina ya watumwa pamoja na bei zao. Sifa ya kilimo walijiandikia wenyewe. Kwa muda mrefu watoto wa shule walifundishwa kwamba mtumwa alitoa nguvu za mikono tu, na kwamba akili ilikuwa ya bwana wake.

Sifa yaanza kurudi

Mwaka 1862, wakati wa vita vya Marekani, shule iliyoitwa Penn ilifunguliwa katika kisiwa cha St. Helena, kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Watoto walisoma, na watu wazima pia walisoma, kama wewe leo. Utumwa ulikomeshwa Marekani yote mwaka 1865.

Mwaka 1974 mwanahistoria Peter Wood alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba ujuzi wa Waafrika ulisaidia kujenga kilimo cha Carolina. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa mchango huo. Lakini hakuna tena anayeweza kuandika historia ya mpunga wa Carolina bila kuwataja Waafrika.

Wajukuu wa watu hao wanaitwa Wagullah. Bado wanaishi katika pwani hiyo. Wana lugha yao yenye maneno ya Kiafrika, na wanakula wali kama babu zao. Bado wanasuka vikapu kwa majani yanayonukia. Mwaka 2006 jimbo la South Carolina lilitangaza kikapu hicho kuwa kazi ya mikono ya jimbo. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuhifadhi urithi wa Wagullah katika pwani ya majimbo manne.

Ndugu msomaji, watu hao walijua kazi, ila walinyimwa kalamu. Wewe unayo. Muulize mzee wa kijiji chako jinsi anavyochagua mbegu au anavyosuka ungo. Andika maneno yake katika daftari, na juu yake andika jina lake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Waafrika walipeleka ujuzi gani Carolina?
2. Kwa nini mabwana walikataza watumwa kufundishwa kuandika?
3. Katika kijiji chetu, ni ujuzi gani ambao haujaandikwa? Nani anaujua?