Tabiri Kwanza, Mimina Baadaye

Mtoto wa Shinyanga anaujua udongo wa mbuga kabla hajajua kusoma. Mvua zikinyesha hung'ang'ania kandambili mpaka zikatike. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Anaijua pia luseni, ule mchanga wa mwinuko ambamo bibi hupanda karanga na viazi. Kisha anaingia darasani na kunakili ubaoni: kichanga, tifutifu, mfinyanzi. Hakuna anayemwambia kwamba ndio udongo uleule anaoukanyaga.

Tangu 2005 mitaala yetu inahimiza umahiri. Lakini mtihani wa darasa la saba una maswali mengi ya kuchagua herufi, na mwalimu mwenye watoto tisini katika chumba kimoja anajua kitakachopimwa. Simlaumu. Ninachobishia ni kauli kwamba bila maabara hakuna sayansi kwa vitendo. Shule za Kambarage, hapa Shinyanga, zinaweza kuanza na chupa tupu za maji.

Kata chupa mbili katikati. Pindua nusu ya juu, mdomo ukitazama chini, uzibe kwa pamba (huku kwetu pamba hainunuliwi), uikalishe ndani ya nusu ya chini. Moja ijazwe luseni, nyingine mabonge makavu ya mbuga, kwa kipimo kilekile. Sasa, kabla ya tone kumwagwa, kila kundi liandike: maji yatapita wapi haraka, na kwa nini? Hatua hii ndiyo inayorukwa, na bila hiyo jaribio hugeuka mazingaombwe. Mtoto aliyekwisha kusema lake ana deni la kulitetea.

Wengi watasema mbuga itazuia maji. Mimina glasi ya kwanza: mara nyingi maji yatateremka upesi kati ya mabonge, na darasa litapiga kelele. Usitoe jibu. Subiri, kisha mimina ya pili. Safari hii maji yatasimama juu. Udongo huo umejaa chembe bapa, ndogo mno, zinazoruhusu maji kupenya katikati yake, nazo hutanuka. Ukilowa unavimba na kuziba nyufa zake wenyewe. Hapo yupo mtoto atakayekumbuka majaruba ya mpunga, na mwingine ukuta wa nyumba yao uliopasuka. Kwangu, dakika hizo zina thamani zaidi kuliko kurasa kumi za maelezo.

Jibu lisilotarajiwa lisifutwe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kuwa aiskrimu kabla ya yale ambayo hayakuwa ya moto. Alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alilijaribu jambo hilo badala ya kulipuuza. Andiko lao lilichapishwa 1969, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo.

Ukielekea Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, somo la uzito na ujazo liko mitaani. Watoto wameona wakubwa wakiosha mchanga kwenye mwalo baada ya mashine ya karasha kusaga mawe. Dhahabu ina uzito wa mara 19 hivi ya maji ya ujazo uleule. Jiwe jeupe linaloibeba halifiki mara tatu. Ndiyo maana maji huchukua jiwe na kuacha dhahabu. Darasani tumia mchanga wa mtoni na karai: ukitikiswa vizuri ndani ya maji, chembe nyeusi nzito hubaki chini. Sumaku ya spika mbovu, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, itaonyesha kama zinavutika.

Vumbi la karasha lisiletwe shuleni, wala mchanga uliokwisha kuchenjuliwa kwa zebaki, hata mtoto aubebe kwa fahari namna gani. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, na mvuke huo hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Atakayeuliza kwa nini baba huichoma nyumbani ajibiwe ukweli, kwa upole, maana jibu hilo litafika nyumbani jioni hiyohiyo.