Macho manne na vumbi la Kwala

HAYA vijana wa pikipiki, leo nataka kuongea na wenzangu tunaotaniwa kwa jina la "macho manne". Ndiyo, wewe uliyepimwa macho ukapewa miwani, na bado kila siku uko juu ya XL au Boxer unakata mbuga. Tuna tatizo letu ambalo wengi hawalisemi kwa kuona aibu.

Vumbi likipanda, mtu anavua miwani ya macho, anaitia mfukoni, anavaa ile mikubwa ya kuzuia vumbi. Hapo sasa anaendesha kwa kukisia. Shimo halioni, na ng'ombe anamwona wakati kashamfikia. Mwingine anafanya kinyume: anabaki na miwani ya macho peke yake. Vumbi linapita pembeni, jicho linawasha, mkono mmoja unaacha usukani kwenda kufikicha. Wote wawili, kwa maoni yangu, wanaiita ajali kwa jina.

Nalisema hili kwa sababu ya safari zangu za Kwala, kule Kibaha. Na mimi ni mtu wa miwani, bila hiyo sisomi kibao. Kwala ya leo si ile ya kituo kidogo cha reli. Bandari kavu imezinduliwa Julai 31, 2025, reli ya kisasa inapita, na kutoka Vigwaza kwenye barabara ya Morogoro unaingia kwa barabara ya zege ya kilomita 15 hivi. Kwenye zege mambo shwari. Kasheshe linaanza ukishaliacha, ukishika njia za udongo za vijijini kuelekea Magindu, au ukiwa na safari za upande wa Kisarawe, Mzenga na Maneromango. Kiangazi kikikolea na lori likakutangulia, utajua kwa nini naandika haya.

Habari njema ni kwamba huna haja ya kuchagua kati ya kuona na kuzuia vumbi. Unaweza kuvaa vyote viwili, ila ununue kwa akili.

Ipi inakaa juu ya miwani?

Ziko miwani za vumbi zilizotengenezwa makusudi zivaliwe juu ya miwani ya macho. Kwenye boksi tafuta herufi OTG. Hizi zina kina zaidi ndani, ni pana, na sponji lake limekatwa kidogo pembeni ili mikono ya miwani yako ipite bila kubanwa. Zile za kawaida zinakandamiza miwani puani. Ukianguka, fremu ndiyo itakayokuchana uso.

Usinunue kwa kutazama tu. Nenda dukani na miwani yako, na helmeti yako pia. Vaa, tikisa kichwa, inama, geuka kushoto na kulia. Kaa nayo dakika kumi. Miwani ya macho ikigusa kioo cha mbele, au ikisogea kila unapogeuka, rudisha. Muuzaji wa Kariakoo atakwambia "itazoea tu, braza." Haizoei hiyo!

Helmeti nayo ina neno

Helmeti yenye kioo cha kushusha mara nyingi ina dirisha dogo, miwani ya vumbi haiingii. Zinazofaa ni zile za wazi mbele, au za mashindano ya porini zenye kidevu kilichochomoza. Anza kuvaa helmeti, kisha chomeka miwani ya macho, mwisho ya vumbi, mkanda wake ukizunguka nje ya helmeti. Ndiyo maana fremu yenye mikono myembamba iliyonyooka ni bora kuliko ile minene ya kisharobaro: inapenya kirahisi na haikuumizi nyuma ya sikio.

Ukungu

Pwani kwetu kuna joto na jasho, na vioo viwili vikikaa pamoja ukungu unakuja upesi. Tafuta miwani yenye kioo cha tabaka mbili na matundu ya hewa yaliyofunikwa sponji. Hewa ipite, vumbi libaki nje. Kitambaa cha puani usikifunge kikapeleka pumzi juu, kiache wazi kwa chini. Na vumbi usilifute kavukavu kwa fulana, utachubua kioo. Osha kwa maji na sabuni laini.

Kioo chenyewe

Dai kioo cha polikaboneti, hakipasuki ovyo. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa unakwenda kama mita 17 kila sekunde, na kokoto iliyorushwa na gurudumu la mbele yako inaongeza kasi yake hapo. Kwenye miwani ya kazi yenye alama ya EN 166, herufi F maana yake kioo kimepigwa kagololi ka chuma kwa mita 45 kwa sekunde kikahimili. B ni mita 120. Upande wa vumbi, namba 4 kwenye fremu ni ya vumbi kubwa, 5 ni ya vumbi laini.

Miwani hizo za kazi zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na nyingi zinavalika juu ya miwani ya macho. Kwa mfuko mwembamba si mbaya, lakini hazikutengenezwa kwa pikipiki: ukungu unazisumbua, na mkanda huenda usizunguke helmeti.

Rangi? Nyeupe angavu. Ile nyeusi ya kibishoo ikikukuta jua limezama ni kitanzi. Na wenye miwani ya macho inayobadilika rangi juani wasishangae ikigoma kubadilika: kioo cha polikaboneti kinazuia miale inayoibadilisha.

Ukienda kwa mtaalamu wa macho, mwambie unaendesha pikipiki, akupe lenzi za plastiki na si za kioo. Wenye uwezo wanaweza kuuliza fremu ndogo ya ndani, inayopachikwa kwenye miwani ya vumbi ikiwa na lenzi za namba yako. Lenzi za kubandika jichoni mimi sizishauri njia ya vumbi. Punje ikiingia chini yake utalia peke yako porini, na mikono michafu.

Mwisho, hili la aibu. Kuna vijana wanaona miwani inawashusha kijiweni. Kaka, dada, nyuma yako amekaa mama na mtoto wanakwenda zahanati. Hawaoni mbele, wanaona mgongo wako. Macho yako ndiyo macho yao. Kazi kwako!